Alisema Ni Tupu

Chai ya saa nne ndiyo raha pekee tuliyokuwa nayo walimu wa shule ile, na huyu bwana aliiharibu karibu kila siku kwa miaka yote niliyofundisha naye. Mmeketi, kila mtu na kikombe chake na andazi lake, mnataka kusengenya kidogo, na yeye ameshavuta bakuli la sukari katikati ya meza. Sukari ni kilima. Kijiko ni shimo linalochimbwa chini ya kilima. Hujameza bado, Waingereza wako chini wanachimba kimyakimya, Wajerumani wako juu hawana habari, na andazi lako, ambalo hukumpa ruhusa aliguse, limeshakuwa shehena ya baruti. "Sasa ngoja uone, Madam," ananiambia. Halafu anapiga meza ngumi na chai inamwagika.

Alikuwa mwalimu wa historia. Mimi nilifundisha Kiswahili. Shule yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Kitengela kwenda Kajiado, enzi zile Kitengela ikiwa bado senta ya maduka machache na vumbi jingi, na punda milia walikuwa wakipita nyuma ya maabara bila mtu kugeuka kuwatazama. Mtu angedhani mahali pa amani hivyo pangemtuliza. Wapi!

Kwake yeye, historia yote ya binadamu ilikuwa historia ya vitu vinavyolipuka. Wafalme, mikataba, dini, njaa, wivu wa watu, hayo yote yalikuwa mapambo. Alikuwa na somo lake alilolirudia mpaka hata mpishi wa shule alilijua. Baruti ya kale, alisema, huwaka: moto unaipitia punje kwa punje, upesi, lakini unapita. Vilipuzi vilivyokuja baadaye haviwaki. Hivyo hupasuka vyote kwa mara moja, na mtu aliye karibu hapati nafasi hata ya kushtuka. Siku watu walipojua kujaza kitu kama hicho ndani ya kombora, ngome za mawe zilizojengwa kwa karne nyingi zikawa takataka, na askari waliozoea kusimama mistari wamevaa mavazi mekundu wakaanza kujichimbia ardhini. "Mtu akiingia shimoni kwa hiari yake," alipenda kusema, "uliza nini kinapita juu." Msemo huo niliusikia mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Akiwafundisha kidato cha pili jinsi Afrika ilivyogawanywa, atawaambia kidogo tu juu ya wale mabwana waliokaa Ulaya na ramani, kisha moja kwa moja mpaka Sudan, kwenye makombora yaliyoacha unga wa manjano kwenye kuta. Atawaeleza juu ya yule Mswidi wa baruti kali aliyechukua mafuta yasiyobebeka, yenye hasira, akayanywesha udongo mweupe ndipo yakatulia. "Udongo kama ule unaochimbwa kule Gilgil!" atapiga kelele, kana kwamba Gilgil ilishinda vita. Na akifika kwenye vita vya kwanza vya dunia, basi jua limetua, maana vita hivyo vilipita hapahapa petu. Wajerumani walitoka upande wa Longido, ng'ambo ya mpaka, wakavuka nyika hii hii kwa miguu, na baruti mgongoni, kwenda kulipua reli. Waingereza nao wakajifunza kutanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya injini, ili kitu kikipasuka kipasue mchanga.

Somo hilo alilifundishia uwanjani. Viranja waliwekwa mbele wawe mabehewa ya mchanga, kijana mmoja mnene akawa injini, na wengine wakalala kwenye nyasi kavu wawe Wajerumani. Mimi nilikuwa ndani nikijaribu kufundisha ngeli. Kila treni ilipolipuliwa darasa langu lote lilikimbilia dirishani. Nilitoka nikamwambia, "Mwalimu, watoto wangu hawasikii kitu." Akanijibu kwa upole, "Waache waje pia, Madam. Nafasi iko."

Na ubaya wake ni kwamba walifaulu. Mtu ungetamani matokeo yatoke mabaya aitwe aulizwe. Kila mwaka historia ndiyo iliyotuokoa, na Kiswahili changu, nilichofundisha kwa utaratibu, sura baada ya sura, kilikokota mguu nyuma.

Ungefikiri mtu wa namna hiyo ametoka jeshini. Hakuwahi kushika hata fataki. Yote aliyatoa vitabuni, vitabu vizito alivyonunua vimetumika kule Nairobi, akavipanga chini ya kitanda. Mkewe, mwanamke mchangamfu aliyekuwa na kibanda cha nafaka Kitengela, ndiye aliyetuambia mambo ya nyumbani. Tulienda kwao siku moja kumpa pole ya msiba, tukamkuta Mwalimu ameketi na kikombe cha maziwa baridi. "Yeye hawezi washa gesi," mkewe alisema. "Mimi nikienda soko, anakunywa baridi mpaka nirudi. Anaogopa ule mtungi." Mwalimu hakuona haya. Alianza kutueleza kwa nini mtu mwenye akili anapaswa kuuogopa mtungi wa gesi, na maelezo hayo yalikula nusu ya muda wa pole. Siku ya sherehe ya zawadi nayo, puto lilipasuka nyuma ya jukwaa, na mtu wa kwanza kulala chini alikuwa yeye, na suti yake.

Kumsahihisha usingeweza. Ukimwambia amekosea hakukasirika wala hakubisha. Alikutazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa mkaidi, kisha akaanza upya kutoka mwanzo, polepole zaidi. Nilimwonyesha siku moja kwamba ameandika tarehe ya mkutano wa walimu isiyo sahihi ubaoni. Alinieleza kuhusu kalenda. Alikuja siku ile aliyoiandika yeye, akakaa peke yake chumbani, na keshoye akatushangaa sisi.

Mtu mmoja tu nilimwona akimshika pabaya. Ilikuwa siku ya wazazi. Mwalimu alikuwa amepewa dakika chache aeleze umuhimu wa somo lake, na badala yake akawasimulia wazazi hadithi ya kile kilima cha sukari. Waingereza walitega mashimo mengi chini ya kilima, alisema, wakayalipua alfajiri moja, na mlipuko ukasikika ng'ambo ya bahari. Lakini mashimo mengine hayakulipuka. Yakasahauliwa. Watu wakarudi, wakalima, wakafuga. Miaka mingi baadaye, vita vimekwisha na vingine vimepiganwa na kwisha, radi ikapiga pale, na shimo moja likaamka. Likaua ng'ombe mmoja.

Wazazi waliosinzia wote waliinua vichwa. Nyuma kabisa akasimama mzee wa Kimaasai, mjumbe wa bodi ya shule, amevaa koti la suti juu ya shuka. Binti yake alikuwa kidato cha tatu.

"Mwalimu, mimi niko na swali," alisema. "Mwenye ng'ombe, alilipwa?"

Mwalimu alifungua mdomo. Akasema hilo si jambo la msingi.

"Ni ya msingi sana," mzee akasema. "Serikali ndio iliweka hiyo kitu. Si ng'ombe ilijitakia."

Watu walicheka mpaka kamera ya mpiga picha ikatikisika. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, kwa namna yao. Mzee alikuwa akija na fimbo yake, akikaa kwenye kivuli cha ofisi, wakisalimiana kwa Kimaasai, "Supa, Mwalimu," "Ipa, mzee," na Mwalimu anamimina vita vyake vyote kwenye sikio lililokuwa tayari kumsikiliza. Sisi wengine tulishukuru. Chai yetu ilipata kupumua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninaposhindwa kumvumilia hata leo. Kengele yetu ya shule ilikuwa rimu ya lori, iliyotundikwa kwenye mgunga mbele ya ofisi. Ikaibwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Tukakaa tunaita watoto kwa filimbi. Mzee aliposikia akasema yeye ana chuma. Vijana wake walikuwa wakichimba silanga, bwawa la kunyweshea ng'ombe, wakakuta chuma kirefu, kizito, kimechongoka upande mmoja na tundu kichwani limejaa udongo. Alikileta kwa mkokoteni wa punda, akakishusha mbele ya ofisi, na nawahakikishia, kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo, kwamba hakusema kitundikwe. Aliuliza.

"Mwalimu, wewe ndio unajua hizi vitu za vita. Hii iko sawa? Haina maneno?"

Mwalimu alipiga magoti. Akakizungusha, akasoma alama zilizobaki, akachokora tundu kwa kalamu, akapuliza vumbi. Nadhani ilikuwa siku ya furaha kuliko zote maishani mwake. Akasimama akatutangazia kwamba hilo ni kombora la Mjerumani, la vita vya kwanza, na kwamba fyuzi yake, kile kiwashio cha kichwani, imeng'oka. Bila fyuzi, alisema, chuma ni chuma. Akalipiga kofi ubavuni.

"Ni tupu," akasema. "Tundikeni."

Tukatundika. Kengele ile ilikuwa na sauti nzuri, sina budi kusema, sauti nene iliyofika mpaka ng'ambo ya reli. Iligongwa kwa nati kubwa ya trekta. Iligongwa asubuhi, saa nne, adhuhuri, jioni. Nimeigonga mimi mwenyewe wiki zangu za zamu. Watoto wenye hasira waliipiga mateke wakipita. Ikakaa hapo miaka, mvua za El Nino zikaipiga, jua likaipasha, na chini yake Mwalimu akisimama kila Jumatatu gwarideni, akiwaeleza watoto juu ya vitu vinavyolala ardhini.

Aliyetuokoa alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Kijana alikuwa ameingia jeshini, kikosi cha wahandisi, kwa ajili ya yale masomo ya uwanjani, na akaja likizoni kumshukuru Mwalimu, amembebea kilo mbili za sukari na leso ya mkewe. Alifika wakati wa mapumziko. Msichana mmoja alikuwa ameshika nati, karibu agonge. Kijana alimwondolea nati mkononi taratibu, kisha akaja kwangu.

"Madam," alisema, "hii kitu mmekuwa mkiigonga tangu lini?"

Aliwatoa wote mpaka mwisho wa uwanja wa mpira. Alisema hataki mtu akimbie. Kesho yake wataalamu wa jeshi walikuja, wakakiteremsha chuma polepole kwa kamba na mifuko ya mchanga, wakakipeleka uwandani mbali, wakatuambia tufungue madirisha. Tulifungua, wakakilipua, na hata hivyo maabara ilipoteza vioo. Mbuzi wa watu walitawanyika wakatafutwa mpaka jioni. Nilishika ukuta kwa mikono miwili. Fyuzi haikuwepo kweli, afisa alitueleza baadaye, lakini tumbo lilikuwa limejaa, na vilivyo ndani havikufa hata kidogo. Mchanganyiko ule hauozi, unangoja tu. Tena hakikuwa cha Mjerumani. Ni cha zamani, lakini si zamani hiyo.

Na Mwalimu je? Mwalimu alimsahihisha afisa. Alimwambia aina ile ilitumika tangu vita vya kwanza, na kwamba neno sahihi si bomu, ni kombora. Nilitamani ardhi impokee.

Polisi nao walikuja kuuliza kitu kama hicho kimetoka wapi, na siwalaumu, ilikuwa kazi yao. Mkuu wa shule, mtu aliyeogopa kivuli chake, alisema kililetwa na mzee fulani. Wakamchukua mzee kutoka kwenye boma lake, mbele ya wake zake na ng'ombe wake, wakampeleka Kajiado akaeleze amepata wapi bomu na alikuwa na nia gani na shule. Binti yake, ambaye sasa alikuwa chuoni, aliacha masomo akaenda kukaa nje ya kituo na mamake, wakiwa na kibuyu cha maziwa ambayo hawakuruhusiwa kumpa.

Wote tulijua nani alikuwa na neno la kumtoa. Ilikuwa sentensi moja tu: aliniuliza, nikamwambia ni tupu. Nilingoja Mwalimu aende. Siku ikapita, na nyingine. Alifundisha kama kawaida. Chai ya saa nne hakugusa sukari. Nilipomuuliza akasema suala hili lina pande nyingi.

"Halina pande nyingi," nilimwambia. "Vaa koti twende."

Njia nzima mpaka Kajiado alinieleza kwamba kitaalamu hakukosea. Kombora bila fyuzi haliwezi kulipuka kama ilivyokusudiwa. Nilitazama nje. Kama ningefungua mdomo ningemtukana mtu mwenye mvi.

Kituoni tulimkuta mzee kwenye benchi ukutani, bila fimbo yake, bila koti, shuka ameifunga kifuani. Alituona. Akageuza uso akatazama mlango, kwa adabu, ili asimwaibishe rafiki yake. Mkuu wa kituo, mtu mpole aliyechoka, akatuuliza tunajua nini.

Mwalimu alisimama wima. Akaanza na Longido. Akaenda na wale Wajerumani mpaka relini. Akaeleza tofauti ya kuwaka na kupasuka. Mkuu wa kituo aliweka kalamu chini. "Mwalimu," akasema, "hiyo yote ni sawa. Mimi nauliza hivi: nani alisema hiyo kitu haina kitu ndani?"

"Wakati ule," Mwalimu akasema, "kulingana na maarifa yaliyokuwepo, ilionekana kwamba..."

"Ilionekana na nani?"

"Kwa ujumla, ilionekana..."

"Ni wewe!" nilipiga kelele. Nilishtuka mwenyewe. Konstebo aliyekuwa akila mahindi mlangoni aliacha kutafuna. "Sema ni wewe! Huyu mzee alikuuliza mbele yangu, ukapiga ile kitu kofi ukasema ni tupu! Sema twende nyumbani!"

Mwalimu alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na huruma usoni mwake. Alikuwa amejaa hofu, ile ile ya siku ya puto.

"Ni mimi," alisema. "Yeye aliniuliza. Mimi ndiye nilisema."

Halafu akasema "lakini," na hiyo lakini ilituchukua mpaka chakula cha mchana. Hata hivyo mzee alirudishiwa fimbo yake. Alitoka nje, bintiye akamwinamishia kichwa kama wasalimianavyo kwao, mzee akakigusa, akanywa maziwa yake amesimama. Mwalimu alipita pembeni yao akaenda kungoja gari ng'ambo ya barabara. Njia nzima kurudi hakusema neno, na nawaambia ukweli, kimya chake kiliniudhi kuliko maneno yake. Mwisho wa muhula aliomba kustaafu mapema. Hakuniaga.

Nilimwona tena miaka ya elfu mbili imeshakomaa, Kitengela imejaa maghorofa, nami nimestaafu. Nilikwenda soko la mifugo la Kajiado kumtafutia mwanangu mbuzi wa ukweni. Katikati ya vumbi na kelele namwona, amekonda, kofia ya mkeka kichwani, anamwongoza yule mzee kwa bega. Macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Walikuwa wakitembea hatua sawa.

"Madam!" alisema. Nilijiandaa kupokea vita. Badala yake akaniulizia watoto, akangoja jibu. Mzee aliposogea kusalimiana na wenye kondoo, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza walipatana vipi.

"Mke wangu alinifukuza nyumbani," alisema. "Aliniambia nisirudi kabla sijaenda kwa huyu mtu. Nikanunua kondoo, nikampeleka. Nilikuwa na hotuba, Madam. Nilipanga nianzie mwaka wa kumi na nne." Alicheka kidogo. "Akaniacha niongee. Alishika mkia wa kondoo, akaniambia, 'Mimi nilikuuliza, wewe ukaniambia. Imeisha.' Kwao, watu wakipeana kondoo hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Paker, kwa sababu ya huyo kondoo. Ni heshima. Wake zake wananiita hivyo, wajukuu pia. Ananiita asubuhi, ananiita jioni, ananiita akitaka kiberiti. Na kila akiniita namuona pale kwa ile benchi, bila koti."

Nilitaka kumpiga. Mtu amesamehewa kwa kondoo mmoja, amepewa rafiki na ukoo mzima wa kumwita, na bado anakagua msamaha. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo wenye mbuzi waligeuka. "Mwalimu, wewe huwezi hata kupokea kitu ukanyamaza?"

"Inaonekana siwezi," alisema.

Ndipo mzee akaita. "Paker! Paker, uko wapi?"

Alikwenda mbio, kofia ikamwanguka. Mzee alikuwa ameshikilia kondoo jike mwekundu kwa sikio, na muuzaji alikuwa akiapa kwamba mnyama ni mchanga, hajazaa hata mara moja.

"Paker, niangalilie meno," mzee alisema. "Huyu ni mzee ama ni kijana? Wewe niambie tu, mimi nanunua."

Mwalimu alimpanua kondoo mdomo. Alitazama ndani muda mrefu, muuzaji akikohoa, mimi nimesimama na kofia yake mkononi. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akauinua, akauweka juu ya meno.

"Shika mwenyewe, Paker," alisema.